Bolti Iliyokatika na Mafuta ya Mkia

Mwaka ule wa ukame nilikuwa na pikapu kuukuu, na kati yetu sijui ni nani aliyemchosha mwenzake zaidi. Nilibeba nayo magunia ya mahindi kutoka Isiolo mjini kwenda vituo vya chakula, maana mifugo ya kubeba haikuwapo tena. Asubuhi moja ikaanza kunguruma kama ngamia dume aliyekasirika. Nikafungua boneti. Manifoldi, lile bomba zito linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, lilikuwa limeachia upande wa nyuma. Bolti yake, ile isiyo na kichwa ambayo mafundi huiita stadi, ilikuwa imekatika ndani, sawa na uso wa chuma, pasibaki hata pa kushika kwa koleo.

Kwa mtu mwingine hiyo ni kelele tu. Lakini moshi ulikuwa ukipenya sakafu iliyooza na kuingia tunapoketi, na abiria wangu wa safari iliyofuata alikuwa mama yangu, mwenye pumu.

Mama alikuwa ameletewa habari kutoka Korbesa. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa kitandani, haoni tena, hataki kula. Aliuliza jambo moja tu: mdogo wangu yuko njiani? Malori ya mifugo yaliyokuwa yakibeba abiria kwenda upande huo yalikuwa yamesimama, kwa kuwa hapakuwa na cha kupakia. Na kwetu maiti hamngoji mgeni. Mtu akifa asubuhi, jioni yuko kaburini. Kwa hiyo yote yalining'inia kwenye kile kipande cha chuma kisichozidi kidole changu cha mwisho. Nilikichukia jinsi mtu anavyomchukia mtu.

Ilikuwa Ramadhani. Fundi wangu alikuwa Mmeru, Mkristo, mpole hadi akaudhi. Akainama, akachungulia, akapiga mluzi.

"Hii imekufia ndani," akasema. "Tutaibembeleza pole pole."

"Ibembeleze haraka. Niko na mgonjwa."

"Haraka haraka haina baraka, bwana."

Methali hiyo nimeona hutumiwa zaidi na watu wasio na haraka.

Akachomelea nati juu ya kile kisiki cha bolti, akangoja ipoe, akaishika kwa spana. Nati ikang'oka peke yake. Akachomelea nyingine, nayo ikang'oka. Akamwagia mafuta ya breki, akagonga kwa nyundo ndogo, na kesho yake akarudi kugonga tena. Mimi nilikaa juu ya tairi chakavu, koo kavu, upepo ukinimwagia mchanga machoni, nikimtazama akinywa chai huku amegeukia ukuta ili nisiione. Hata adabu yake ilinichosha.

Baadaye siku hiyo mama akaja gerejini mwenyewe, akichechemea, na mkebe wa majani ya chai chini ya mtandio.

"Salaam aleikum, fundi."

"Aleikum salaam, mama. Habari ya nyumbani?"

"Nyumbani iko salama. Hii gari ndiyo iko mbaya." Akafungua mkebe. Ndani mlikuwa na mafuta ya mkia wa kondoo, meupe, yameganda. Kwetu mafuta hayo hupakwa kila kilichokauka: kamba za ngozi, nyayo zilizopasuka, vifua vya watoto wenye kikohozi. "Weka hii. Hiyo chuma iko na kiu."

Nilitamani ardhi inimeze. Fundi akanitazama, akamtazama mama. Mafundi wetu huwa wanachoma chuma hadi kiive, kisha wanakigusisha mshumaa ili nta ipenye kwenye hesi, ile mikato inayoizunguka bolti, kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa wazimu kabisa. Au pengine alimwonea huruma tu. Akawasha gesi, akachoma, akatia mafuta.

Lo! Moshi mweupe ukapanda, na harufu ya nyama ya kuchoma ikaenea mtaa mzima, adhuhuri, watu wamefunga. Mshona viatu wa jirani akapiga kelele kwamba tuna laana. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini akasimama, akafumba macho, akasema astaghfirullah, na asiondoke. Hatukuwa tumesikia harufu ile tangu wanyama walipoanza kufa. Mama naye alisimama palepale kwenye moshi, akikohoa, akingojea chuma kinywe.

Bolti haikusogea hata kidogo.

Mwishowe fundi aliitoboa katikati kwa keekee ya mkono, kidogo kidogo, akakata hesi mpya na kutia bolti nene zaidi. Alimaliza amelowa jasho. "Sasa hata injini ikifa, hii itabaki," akasema. Sikuwa na nguvu ya kucheka.

Tukaondoka alfajiri. Pikapu ilikuwa imetulia, lakini injini ilipopata moto, mafuta ya mama yaliyotapakaa kila mahali yakaanza kukaangika upya. Msafiri ana ruhusa ya kula, ila mama hakuitumia, nami niliona haya kumtangulia. Nilifunga saumu njia nzima ya Merti, ndiyo iendayo Korbesa, nikiwa kama ndani ya sufuria. Nikamlaumu kwa sauti. Yeye alikuwa akitazama mizoga ya ng'ombe kando ya barabara na kutaja rangi za ngozi zilizobaki: mwekundu, wa kijivu, mwenye madoa.

Korbesa tulikuta boma halina hata mbuzi. Mama mkubwa alikuwa hai. Alilala juu ya ngozi, amekonda hadi sikumtambua. Mama akapiga magoti, akamshika uso kwa mikono miwili, akamtamkia jina lake la utotoni. Mama mkubwa akainua pua. Alinusa. Alinusa viganja vya mama, akanusa mtandio, akanusa tena.

"Mmechinja?" akauliza kwa Kiborana, lugha yetu, kwa sauti ya mtu anayeona haya kutumaini. "Mmenichinjia?"

Nikatazama nje kwenye lile zizi tupu. Mzee akiugua kwetu, jamaa humchinjia kondoo. Ndivyo anavyojua kwamba bado ana watu. Mama, ambaye mwezi wa Ramadhani alitukataza uongo hata wa mzaha, hakusita.

"Ndiyo, dada," akasema. "Tumekuchinjia."

Akatoa ule mkebe, akachota kwa kidole mafuta yaliyobaki chini, akamtia mdomoni. Mama mkubwa akameza. Akafungua mdomo tena.

Nikatoka, nikaegemea pikapu iliyokuwa bado ya moto, nikalia waziwazi. Nilikuwa nimechoka, na nilimpenda mama yangu kuliko nilivyowahi kumwambia. Ndani nilimsikia mama mkubwa akiuliza kondoo alikuwa wa rangi gani, na mama, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu daku, akimweleza: mweupe, kichwa cheusi, mkia mzito hata alishindwa kutembea vizuri.