Mapumziko Aliyoyapeleka Shambani

Mjukuu wangu, weka jembe hilo chini kwanza, unisikilize. Iko asubuhi moja ya kule Wamaza ambayo haijanitoka moyoni hadi leo.

Nilikuwa msichana, nikikaa kwa kaka yangu mkubwa, Saidi, mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa mcheshi, na mbishi kama wewe. Mvua zilipoanza, malaria ilimshika ikammaliza damu mpaka viganja vikawa vyeupe. Munganga wa zahanati, mzee mmoja mkali, alimtibu, kisha akamwandikia karatasi ya repo, yaani ya mapumziko, ili direktere wa shule ajue kwamba mwalimu wake ni mgonjwa kweli na asimfukuze kazi.

"Damu yako iko kidogo sana," alimwambia mbele yangu. "Ulale. Ukule. Usifanye kazi."

Saidi aliitika kwa adabu zote, kumbe alikuwa ameshapanga mengine. Unayajua mazoea yetu: mwalimu akipata siku bila darasa, hizo ni siku za shamba. Majirani walikuwa wameshapanda mpunga, yeye bado, na jambo hilo lilimkera kuliko homa.

Asubuhi akanituma nipeleke karatasi shuleni. Direktere aliisoma, akaikunja vizuri. "Umwambie apumuzike," akasema. "Batoto bake nitabafundisha miye." Nilirudi mbio, nikifurahi kumpelekea habari hiyo. Kitanda kilikuwa kitupu.

Nikamkuta shambani, ameketi chini, jembe mapajani, anahema.

"Yaya," nikamwita, kama tunavyowaita kaka wakubwa, "munganga alisema ulale!"

"Repo iko ya masomo, haiko ya shamba," akajibu, akajaribu kucheka. "Ngoja nipumuzike kidogo."

Hakuinuka tena kwa nguvu zake. Wanaume walimbeba mabegani kwa tipoi, machela ya miti, na alikata roho kabla hatujafika zahanati. Nililia mpaka sauti ikanikauka.

Yule mzee munganga alitoka, akaona udongo kwenye mikono ya Saidi.

"Alilima?"

Niliitikia kwa kichwa. Ukali wake wote ukaisha; akaketi kwenye ngazi, machozi yanamtoka.

"Ile karatasi haikukuwa ya direktere," akasema. "Ilikuwa ya mwili yake."

Majirani walilimalizia shamba lile. Mpunga ulizaa sana, lakini mama yetu hakuonja hata punje.

Na wewe jana umetoka hospitali hapa Kasongo, damu imekupungua vilevile, na karatasi ya kumpelekea bosi wako, leo nakukuta unanoa jembe! Sikukatazi kuomba ruhusa. Ukiugua, usijikaze kazini ukidhani ndiyo uanaume. Nenda upimwe, uchukue karatasi, uipeleke mapema watu wasikushuku. Lakini ikishapokelewa, siku hizo ni za mwili wako. Si za shamba, si za biashara, wala si za kupanda pikipiki mpaka Kabambare kusalimia watu. Magugu yataota, najua. Yaache yaote. Tutakula mihogo.

Mungu akurudishie damu yako, mwanangu, akuache uzeeke mpaka uchoshwe na makelele ya wajukuu, kama mimi ninavyochoshwa na yenu. Sasa nenda ukalale. Jembe hili linabaki chini ya kitanda changu. Saidi sikuwahi kumnyang'anya lake.