Nilitafuta sauti ya Mbuyi mu makaseti yangu, nikakuta upuuzi wangu mwenyewe

Jambo yenu, wakuu.

Mi niko muzee wa Kolwezi, muji ya migodi, kwa hiyo Kiswahili yangu itakwaruza masikio ya bale ba Dar na ba Mombasa. Muvumilie. Shule nilitoka mapema, na yenyewe haikunitafutaka. Hii naandika na kidole moja, nene.

Ninasimulia kweli tupu. Uongo yangu yote niliimalizaka mu nyimbo, na hizo nyimbo njo habari yenyewe ('njo' ni ile 'ndiyo' yenu).

Zamani nilikuwaka mutungaji wa nyimbo wa ku nyumba. Sikuwa na orchestre, sikuwa na jina, hata bar moja haikunialikaka. Nilikuwa na koo, na katoni ya kaseti chini ya kitanda.

Kila jirani alijua siku moja nitatokea mu radio. Alijua sababu mi njo nilimwambia.

Basi, hivi karibuni mama mumoja anapiga hodi. Mwanamuke mukubwa, kitenge ya muzuri, mufuko ya safari ku mukono.

"Tata Ngoy njo weye?"

"Kama unaleta kanisa mupya, Ngoy alihama."

Anacheka. "Awa, hapana, tata. Mi ni Ngalula. Mutoto ya Tata Mbuyi."

Wakuu, nilitafuta kiti.

Mbuyi alikuwa jirani yangu pale Kasulo, ukuta ku ukuta. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mapompe ya kuvuta maji mu mugodi. Babu yake Bazungu balimuleta kutoka Kasai, jimbo ya mbali, kuja kuchimba shaba, lakini Mbuyi mwenyewe alizaliwa hapa, ku hospitali ya kampuni, na kitovu yake iko mu udongo ya hapa. Na alijua gita. Weee, gita! Mi naimba, yee anapiga.

Yee kuimba, hapana. "Sauti yangu ni ya camion inapanda mulima," njo alisemaka, yaani ya lori.

Kiisha ikafika ile miaka ya kufukuzana. Kampuni ilikuwa inaanguka, mushahara inakuja siku inapenda, na bakubwa ba siasa, kuliko kutuambia nani alikula mali, bakatuambia: ni Bakasai. Bakasai balikula kazi yenu. Bafukuzeni, mutashiba.

Na batu bakaamini! Batu bazima, benye batoto, benye kwenda misa. Bakafukuza mafundi ba pompe, kiisha bakashangaa maji inajaa mu shimo. Bakafukuza balimu, kiisha bakashangaa batoto habajui kusoma. Mpaka leo bangine banashangaa.

Mi niko Muluba wa Katanga, Mbuyi Muluba wa Kasai. Majina yetu ni karibu moja, hata matusi yetu ni moja. Lakini basi, mukubwa wa siasa akisema nyeupe ni nyeusi, kuna batu banaenda kufua mashuka tena.

Nimepotea njia. Turudi ku Ngalula.

Aliniambia baba yake alikufa mwaka ileile balifika Kasai. Yee alitoka hapa mu mugongo ya mama yake, mutoto wa kunyonya. Hakumbuki uso, hakumbuki kitu. Picha iko moja. Sauti hakuna.

"Mama yangu anazeeka, tata. Anasema sauti ya baba inaanza kumupotea hata yee. Aliniambia: kama unafika Kolwezi, enda ku Ngoy. Balikuwa banarekodi kila Jumapili, Siku ya Mungu."

Mi nikajibu haraka, na kiburi: "Mama, sauti ya baba yako? Niko na katoni muzima!"

Kumbe nilikuwa naropoka.

Musikie namna tulirekodi. Tulikuwa na radio-kaseti mbili, yangu na yake. Kwanza tunarekodi gita peke. Kiisha mashine ya kwanza inacheza ile gita, mi naimba juu yake, na mashine ya pili inakamata yote pamoja. Studio yetu ilikuwa ile. Ku mulango tunaweka matela, godoro ya kulalia, sababu ya kelele ya kuku.

Lakini courant, ule umeme, ilikuwa inakatika ovyo, kwa hiyo tulitumiaka mapile, bale ba Dar munasema betri. Na mapile ile miaka ilikuwa ngumu kupata kuliko nyama. Mbuyi aliyaanika ku jua, aliyauma na meno, aliyapanga kama batu ba kwaya. Na sheria yake ilikuwa moja: kamba ya mwisho ya gita ikinyamaza tu, unafunga mashine. Palepale! Hata kupumua hakuna.

Kwa hiyo Mbuyi hakuimba, na hakuacha hata neno yake moja ipite mu kaseti. Munaona tatizo?

Nikaazima radio-kaseti ya katekista. Nikaketi na Ngalula, tukaanza kusikiliza katoni.

Wakuu, Mungu wangu. Mi njo niliimba ile?

Kuna moja naimba: "Cherie, nitakununulia ndege, tulale Paris, tuamke Roma." Mi hata kinga, baiskeli, sikuwa nayo. Mbali nilifikaka ni Likasi, na nilirudi na kuhara.

Kuna ya kusifu mukurugenzi wa kampuni. Mashairi mingi, ananukia marashi, anatembea kama simba. Hakuisikiaka. Alitoka na ndege yake akatuacha na wimbo.

Kuna ya kulia mapenzi, na ninalia kweli mu ile kaseti, pua inasikika. Bibi niliyekuwa namulilia aliolewa na mwenye mashine ya kusaga, na alifanya vizuri.

Ngalula alikuwa anauma midomo juu ya kuniheshimu. Nikamwambia: "Cheka tu, mama. Mi mwenyewe ninacheka."

Na kila wimbo, mwisho ni ileile: gita ya Mbuyi inalia, ti-li-ling, tupu, safi kama maji, halafu tak. Amefunga. Tunaweka ingine. Ti-li-ling, tak.

Tulisikiliza mpaka Ngalula hakucheka tena. Kila ile tak ilikuwa kama kumufungia mulango ku uso.

Akauliza pole: "Tata, hakuna hata mahali alikohoa?"

Njo pale nikakumbuka. Kuna siku moja hakuna mutu alifunga mashine.

Ilikuwa ile siku yenyewe. Tulikuwa ku nyumba ya Mbuyi, tunamaliza wimbo, vijana bakafika ku mulango yake na kelele. Mbuyi aliweka gita chini akatoka. Mi nikamufuata. Mashine ikabaki juu ya kiti, inazunguka.

Nilifukua mu katoni mpaka nikaipata. Nikaiweka. Gita ikaanza, sauti yangu ikaingia na ujinga wake, kiisha nikasikia mashine ya katekista inatafuna, krrr, krrr. Nikaichomoa. Utepe umetoka nje kama matumbo ya kuku. Niliurudisha na bic, ile kalamu, polepole. Nikasema: hii hatuijaribu tena hapa. Twende ku bafundi.

Ku Manika kuna kijana ana studio. Anajiita Ingénieur. Ana miwani ya jua ndani ya nyumba. Anarekodi makwaya, na kila kwaya inatoka na sauti ya pikipiki iliyo mu ndoo. Nikamuachia kaseti, nikamwambia: weka yote mu telefone ya huyu mama.

Tukarudi kesho yake. Ingénieur anatabasamu.

"Tata, nilikusafishia. Iko propre!"

Tukasikiliza. Wimbo wangu wote, kila upuuzi iko pale. Gita. Ti-li-ling. Kimya.

"Na inayofuata?"

"Inayofuata gani? Ah, ku mwisho kulikuwa bruit, makelele tu. Batu banagombana, mutoto analia. Si ya wimbo. Nilikata."

Wakuu, munielewe. Mi si mutu wa kugomba. Lakini ile siku niligomba.

"Weye ulikata mutu!" nikamwambia. "Wimbo njo ilikuwa bruit! Kaseti iko wapi?"

"Tata, kaseti ya nini tena? Siku hizi..."

"Iko wapi?"

Akaonyesha na kidevu. Ilikuwa mu ndoo ya takataka, chini ya maganda ya ndizi na kamba za umeme. Ngalula akapiga magoti na kitenge yake ya muzuri akaitoa. Akaipangusa na mukono ya blouse. Akapita mbele ya ule kijana kama anapita ukuta. Ingekuwa bora amutukane.

Courant palepale ikakatika, kama kawaida ya hii muji inayouzia dunia courant na yenyewe inakaa na mishumaa. Lakini ile radio-kaseti ya Ingénieur ilikuwa na mapile. Nikasema: weka hapa, mbele yetu. Kama inatafuna, tutatafuna pamoja.

Ngalula akawasha telefone yake ikamate sauti. Akaisogeza karibu, kama mutu anapasha mikono ku moto.

Wimbo ikapita. Ti-li-ling. Hakuna tak.

Kiti inakwaruza. Mulango. Halafu kelele ya vijana nje: "Murudi kwenu! Murudi kwenu!"

Halafu yee. Kweli, camion inapanda mulima.

"Kwetu wapi? Mi nilizaliwa pale nyuma, ku hospitali. Nirudi mu salle ya kuzalia?"

Kijana mumoja anajibu, na mi ninajua ni Kasongo, mutoto ya avenue yetu: "Usitufanyie maneno mingi, Tata Mbuyi. Hii nyumba mutoke."

"Kasongo. Jana si ulikulaka bukari hapa?"

"Jana ilikuwa jana."

"Bon. Na kesho utakula ku nani?"

Jibu ya Kasongo haikuingiaka mu kaseti. Mpaka leo sijamusikia nayo.

Nisimame hapa kidogo, sababu hii inanichoma. Kasongo njo aliingia mu ile nyumba. Kwanza aliuza milango, kiisha madirisha. Miaka ikapita, bakagundua Kasulo yote imekaa juu ya cobalt, kila mutu akaanza kuchimba mu salon yake. Kasongo pia akachimba. Akachimba mpaka ukuta ikaingia mu shimo, na yee akabaki nje anaangalia. Alifukuza mutu apate nyumba, kiisha akaila nyumba. Banasema ile mawe inaenda Bulaya na Chine kufanya mapile ya telefone. Mbuyi, mutu wa kuuma mapile na meno, alikuwa amelala juu yake miaka yote!

Turudi ku kaseti.

Mutoto anaanza kulia. Mama Kapinga, bibi ya Mbuyi, anauliza baba ya mutoto wake na sauti ndogo: "Tata Ngalula, tufanye nini?"

Na Mbuyi, polepole: "Chungu iko ku moto? Bon. Tule kwanza. Hakuna mutu anafukuzwa na njaa mu tumbo."

Ngalula akaniangalia. "Ule mutoto analia..."

"Ni weye."

Akasogeza telefone karibu zaidi.

Mu kaseti nyayo zinarudi ndani, nzito. Zinasimama karibu sana. Unasikia anapumua. Halafu yee, karibu kama ameketi na sisi:

"Ngoy! Ile mashine inazunguka bado? Funga. Unamaliza mapile. Na ile wimbo yako, vraiment, haina chumvi."

Tak.

Wakuu, mutu ananyang'anywa nyumba, kazi na muji, na bado anapata nafasi ya kudharau wimbo wangu. Na alikuwa na haki.

Ngalula alicheka. Alicheka mpaka akaketi chini, machozi inashuka, anapiga goti na mukono. "Njo yee! Mama anasemaka hakuna kitu alipendaka kusifu!" Akaniomba: "Rudisha, tata. Rudisha pa mapile."

Tukarudisha. Tukarudisha tena. Mpaka sauti ya Mbuyi ikaanza kuwa nzito, ndefu, camion yenyewe inashindwa mulima, halafu mashine ikanyamaza. Tulimaliza mapile. Ingénieur akafungua kinywa aseme kitu. Ngalula akamuangalia. Akafunga.

Siku ya pili Ngalula alienda na kaseti na telefone. Ku ileile gare ya treni, siku ile ya kufukuzwa kwao, mi na Mama Kapinga tulibebaka matela yao, tukaiweka chini pa batu benye kungoja treni, benye kulala nje na mvua. Safari hii mi nilibeba mufuko tu. Alinipigia alipofika: mama yake alisikia, akasema, "Huyo njo yee. Mukorofi." Akaomba aachiwe peke na telefone.

Fundisho yangu ni ndogo kama mi mwenyewe. Weye mwenye kaseti mu katoni, weye mwenye kurekodi batoto na bazee na telefone ya bei: usikimbilie kufunga. Wimbo yako inaweza kuwa bure, yangu yote ilikuwa bure. Kitu ya kweli inakujaka nyuma, wakati unafikiri imeisha. Na ukisikia mutu anakuambia ni bruit, muangalie vizuri, labda ana miwani mu nyumba.

Na bale batakuja kusema hapa "ile ilikuwa siasa tu, tusahau": haya, basi mutujibie ile swali ya Mbuyi ku Kasongo. Niko nangoja.

Bale bengine, muniambie: nani kwenu sauti yake imebaki mu kaseti? Museme tu. Lakini batakaoomba niweke zile nyimbo hapa, awa. Nawaheshimu mno.

Natoka sasa. Pile ya telefone iko nyekundu, na ninajua nani angenigombeza.