Nakshi ya Kichwa Kimoja

Mimi nilianza kushona kofia kwa sababu ya hasira, na wallahi sioni haya kusema. Nilikuwa nikifanya kazi ya ofisini Shimanzi, kwenye kampuni ya malori, kupokea simu na kupanga mafaili. Kila jioni nilirudi nyumbani kichwa kinavuma kwa honi na matusi ya madereva. Nikishaswali na kunywa chai nakaa karibu na dirisha, nachukua kitambaa na sindano, natoboa. Kitobo hiki ni cha bosi. Hiki cha dereva aliyeniita bibi kizee nami sijafika hamsini. Ukiikuta kofia yangu ina mahali vitobo vimebana kupita kiasi, jua siku hiyo kuna mtu aliniudhi.

Asiyejua kofia ya mkono huiona ni kofia tu. Ni vitambaa viwili vyeupe vilivyolazwa pamoja, vikachorwa nakshi kwa penseli, kisha kila nukta ya penseli ikatobolewa kwa sindano nene na kuzungushiwa uzi mpaka tobo likasimama wima kama jicho dogo. Kofia moja ina macho hayo mamia kwa mamia. Mtu mwenye kazi zake nyengine humaliza moja kwa miezi mitatu, minne. Ikishaisha hufuliwa, hutiwa wanga, hukaushwa juu ya sufuria iliyofudikizwa ili ishike umbo la kichwa. Mama ndiye aliyenifunza, na alinifunza kwa makofi.

Mama alikuwa na nakshi moja ambayo aliichora mwenyewe alipoolewa. Ni maua manane, na kati ya ua na ua kuna njia nyembamba ya vitobo saba. Kila Idi alimshonea baba kofia mpya ya nakshi ile ile, na msikitini watu walimjua baba kwa nyuma kabla hajageuka. Nakumbuka jirani mmoja alikuja kuiomba amshonee mumewe. Mama alimkaribisha, akampa kahawa na halua, kisha akakataa. Akamchorea nyengine nzuri, papo hapo, akampa aende nayo. Mambo yalikuwa hivyo: nakshi ya kichwa cha mtu huichukui mpaka uiombe, na mwenyewe akikunyima unashukuru unakwenda zako.

Baba alifariki macho ya mama yakiwa yameanza kwisha. Kofia ya Idi ile ilikuwa mikononi, imebaki upana wa vidole vinne tu. Nikamwambia mama nipe nikumalizie. Alinitazama kwa yale macho yake yaliyokuwa yakiona ukungu, akasema hapana, na hakueleza. Baadaye uoni ulipokwisha kabisa, nikamchukua kwangu, naye akaiweka kofia ile kwenye kikapu pamoja na tasbihi yake. Kila siku baada ya alasiri huitoa, huipitisha vidole kitobo kwa kitobo, ua kwa ua, mpaka afike pale palipobaki kitambaa kitupu. Hapo husimama, huirudisha kikapuni. Miaka yote hiyo.

Sasa nije kwa mume wangu, Mungu anisamehe. Mume wangu alikuwa karani wa godauni, godauni likafungwa, akarudi nyumbani kukaa. Mwanamume aliyezoea kuamrisha watu akikaa nyumbani huanza kuamrisha sufuria. Siku moja akazipiga picha kofia zangu tatu nilizokuwa nimezihifadhi kabatini, akazituma kwenye simu za rafiki zake. Kufika Ijumaa akanambia tuna biashara. Sisi. Mimi ninayetoboa vidole, tuna biashara sisi. Na yeye ndiye meneja.

Sikukataa, huo ndio ukweli. Nilikuwa nimechoka na malori. Nikawaza labda nitaiacha ile ofisi, nishone kwa raha zangu. Nikawatafuta wanawake watatu wanaojua kazi, mmoja wao binti wa Kibokoni mwenye mkono mwepesi ajabu, tukagawana: mimi nachora, wao wanatoboa, mimi namalizia na kuunga. Mume wangu akazichukua mbili akazipeleka kwa muuza vinyago karibu na Ngome ya Yesu. Yule bwana akazigeuza geuza, akauliza kama tunaweza kushona twiga. Twiga, juu ya kofia ya kuswalia. Na mume wangu badala ya kuzinyang'anya na kuondoka, akaja kuniuliza mimi kama twiga ni kazi ngumu. Siku hiyo nilishona vitobo vilivyobana mpaka sindano ikavunjika.

Lakini niliona jambo. Wanunuzi hawataki kofia tu, wanataka na maneno yake. Ukiwaambia hii ni nzuri, wanaitikia hm. Ukiwaambia hii nakshi mama yangu alimchorea baba yangu peke yake, na haijapata kukaa juu ya kichwa kingine, macho yanawang'ara. Basi nikawa nikiwaambia. Nikawa nawaonyesha na karatasi yenye mchoro, maua manane na njia ya vitobo saba. Nilikuwa hodari wa kuyasema maneno hayo, hata sauti nikaijua pa kuishusha.

Ndipo akaja kijana mmoja anayetaka kuoa. Alitaka kofia kumi na mbili za nakshi ile, yake na za wenzake kumi na mmoja watakaomsindikiza kwenye nikaha. Tulifanya kazi karibu mwaka. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nakaa moja kwa moja na sindano. Mama akiniita nimsomee ujumbe wa simu wa dada yangu, namwambia ngoja kidogo mama. Akiniuliza leo nashona nini, namwambia ni za watu. Hakuuliza zaidi.

Wiki ya mwisho zote zikawa tayari, zimefuliwa, zimetiwa wanga. Bado pasi. Mimi hupiga pasi mwenyewe, pasi ya uvuguvugu, na kitambaa kibichi juu yake. Basi mimi niko Shimanzi nabishana na madereva, meneja nyumbani kaamua kusaidia. Akawasha pasi, akaitia moto wa jinzi, akaiweka juu ya kofia, simu ikalia akaipokea.

Angelinambia siku hiyo hiyo ningelimfokea, ningelilia, kisha ningelikwenda kwa bwana harusi kumwomba radhi kwamba ziko kumi na moja. Hakunambia. Alikwenda kwenye kikapu cha mama wakati mama yuko msalani akitawadha, akaitoa ile kofia ya baba, akaipeleka Kibokoni kwa yule binti, akamwambia hii ndiyo ya mwisho, imalize upesi. Binti wa watu angelijuaje? Mchoro ni ule ule, kitambaa ni kile kile. Kwa siku tatu akajaza vidole vinne vilivyokuwa vitupu. Meneja akafunga kumi na mbili ndani ya boksi, akazipeleka mwenyewe. Na ile iliyoungua, sikiliza, ile iliyoungua akaitia kikapuni mwa mama.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Jumatatu, jioni, nilikuwa namkata mama kucha. Kofia ilikuwa mapajani mwake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi niliitazama. Ilikuwa na alama ya pasi, kahawia, pembe tatu, wazi kabisa. Nikaigeuza. Vitobo vyote vimejaa, hakuna pahali patupu. Nikamuuliza mama hii imetoka wapi, naye akasema kwa utulivu kwamba hajui, ila yake imeondoka tangu wiki iliyopita na hii ndiyo iliyokuja. Alikuwa anajua tangu siku ile ile alipoishika. Hakusema kwa sababu toka msalani alisikia miguu iliyopita chumbani, akaijua ni ya mkwewe, na mama yangu hakulelewa kumtia mkwe aibuni.

Nilimfuata mume wangu barazani, akiwa na wenzake wawili, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu sikungoja wageni waondoke. Alieleza yote, pasi, simu, Kibokoni. Alikuwa na sauti ya mtu anayeeleza namna alivyonusuru jahazi. Mwisho akasema neno ambalo mpaka leo likinijia nikiwa napika, naacha mwiko.

"Lakini mama mwenyewe haoni."

Wale wenzake waliinuka bila kuaga. Mimi nilichukua buibui langu.

Kwa kina sisi bwana harusi hukaa fungate nyumbani kwa wazee wa mke, siku saba, na mtu hamgusi. Ni nani anakwenda kumtoa bwana harusi ndani ya fungate? Mimi. Nilikwenda kwa miguu mpaka Tononoka, kwa hasira nisisikie hata jua la magharibi usoni. Nikafika, nikapokelewa na mama wa bibi harusi, na sasa balaa: lazima tuamkiane. Hujambo, sijambo, watu wa nyumbani, wazima, na mama je, alhamdulillahi, na macho yake je. Nilijibu yote meno yamekazana. Nikaletewa tambi na sharubati. Nikala vijiko vitatu kwa sababu kutokula kungekuwa matusi. Kisha nikasema nataka kumwona bwana harusi.

Akaja, kijana wa watu, kanzu nyeupe, na kofia iko kichwani. Niliijua kabla hajakaa. Alikuwa amefungua boksi mbele ya wenzake, akapewa achague mwanzo, na jicho lake likaenda pale pale, kwa sababu mkono wa mama yangu haufichiki baina ya mikono yetu sisi wa kubahatisha. Sasa mimi nimekaa hapo, mtu mzima, na nataka kumwambia mwanamume avue kofia mbele ya wakweze, siku ya nne ya ndoa yake. Kumvua mtu kofia ni kumvua nguo. Hasira yote niliyokuja nayo ikakosa pa kutokea.

Nikamweleza, kidogo kidogo, nikitazama mkeka. Sikumtaja mume wangu. Nilisema kumetokea makosa, ile moja ni ya mama yangu, ilichanganyika. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, anataka tu kujua.

"Mamangu, si wewe ulonambia zote ni za babako?"

Nikasema ndiyo, lakini. Akainuka, akaingia ndani, akatoka kichwa wazi, na kofia imefungwa vizuri ndani ya leso ya mkewe. Aliniwekea mikononi kwa mikono miwili. Mama wa bibi harusi aligeuza uso kando asimwone alivyo. Kwa kweli ningelipenda anitukane.

Njiani kurudi nilijipa moyo. Nilimtukana mume wangu mtaa kwa mtaa. Nilipanga nitakachomwambia mama: kwamba nimeipigania, kwamba nimekwenda mpaka ndani ya fungate ya watu, kwamba meneja amekwisha, hakuna biashara tena, nimemkomesha. Nilitaka anisifu, ndio. Mtoto hazeeki mbele ya mamake.

Nilimkuta ameketi kitandani. Nikamtolea kofia kwenye leso, nikampa. Akaipitisha vidole, ua la kwanza, vitobo saba, ua la pili, mpaka akafika mahali palipokuwa patupu. Vidole vikasimama. Kisha vikaendelea, polepole, juu ya kazi ya yule binti, mpaka vikakutana na mwanzo. Kofia ilikuwa imekwisha. Nikaanza kusema, nikamwaga yote, pasi, Kibokoni, bwana harusi, yule shetani barazani. Mama aliniacha mpaka nikanyamaza mwenyewe.

"Hii moja kachukua mumeo," alisema. "Na zile kumi na moja, nani aloziomba kwangu?"

Nilikuwa karibu kumtaja mume wangu. Nilitazama ukutani palipotundikwa kanzu ya baba, nikahesabu wanaume kumi na mmoja wanaotembea mjini humu na kichwa cha baba yangu, na kila mmoja wao anajua hadithi yake kwa sababu niliwasimulia mimi, kwa sauti niliyoijua pa kuishusha.

Mama aliikunja kofia mara mbili, akanipa. Aliomba maji akatawadhe.

Shimanzi bado naenda. Mume wangu bado anakaa barazani, tunasemeshana ya lazima tu, chumvi imekwisha, fundi wa bomba hajaja. Nikimkasirikia sana hukumbuka lile swali la mama, na hasira inakosa pa kukaa, inanirudia. Kofia iko kabatini mwangu, pamoja na ile iliyoungua. Kila alasiri mama hukaa pale pale kitandani na tasbihi yake, na vidole vikimaliza tasbihi huenda kwenye kikapu, hupapasa chini yake palipo patupu, kisha hurudi mapajani. Hajaniuliza iko wapi.