Dagaa Ndani ya Injini

Leo nimefungua mfuko wa dagaa ulionuka dizeli, nikaikumbuka pikapu yetu kuukuu pale Mabatini. Baba alikuwa ameinunulia injini nyingine. Alisema imetoka Japani moja kwa moja, wiki ileile ambayo jirani yetu mvuvi aliibiwa injini ya gari aliyoifunga kwenye boti yake, iliyopozwa kwa maji ya ziwa. Fundi alipoinua rejeta aifunge, mama akamwambia, "Fundi, subiri kidogo." Akachokoa kwa kidole tundu la kupitishia maji kwenye injini, akatoa dagaa mmoja mkavu, mwekundu kwa kutu. Akamweka kwenye kiganja cha baba.

"Baba watoto, na huyu naye katoka Japani?"

Baba alifumba kiganja. Hakumtazama mama, wala mimi.

"Fundi," akasema, "funga hiyo rejeta."