Jina la Mwasisi

Jumapili iliyopita nilikuwa mtaani kwetu Tudor, ndugu yangu, nikaingia katika kanisa letu la utotoni, lile la Waorthodoksi. Kibao cha marumaru bado kiko juu ya mlango, kinang'aa: jina la askofu wa enzi zile, na chini yake, "Mwasisi na Mfadhili". Nilicheka peke yangu, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri.

Mwasisi! Kanisa lile alilijenga babu yangu, fundi wa reli aliyestaafu, pamoja na majirani wachache. Nawakumbuka wakibeba mawe ya matumbawe kila Jumamosi, vumbi jeupe limewajaa nyusini, na nyanya akiwapelekea mahamri ya moto na mbaazi za nazi. Askofu alikuja kuta zimekwisha kusimama. Alileta marumaru yake, ubani na wapiga picha. Mtu yule alikuwa na uchu wa kuasisi. Kila alipoona penye upepo mzuri alijenga nyumba ya watawa wa kukaa upweke, akaizindua, akapigwa picha, akaenda zake. Watawa hawakuonekana. Katika ile ya karibu na kwetu waliishi mbuzi wa mlinzi, na nadhani walikuwa na utawa kumshinda yeye.

Sasa, katika ibada yetu waasisi wa kanisa huombewa kwa majina. Babu alipofariki, nyanya alibaki na haja moja tu: alisikie jina la mumewe pale. Kila Jumapili alitega sikio. Likasomwa la askofu, basi. Siku moja askofu alipokuja, nyanya akambusu mkono, akamwuliza.

"Mama, Mungu anajua kila kitu," akajibu, huku akitazama saa.

"Kama anajua, Baba Askofu, hilo lako pale mlangoni ni la kumkumbusha?"

Mkate wa sadaka alikuwa akiuoka nyanya. Mimi nilichekecha unga, yeye akaukanda na kuugonga muhuri wa mti wenye msalaba. Bila mkate ule hakuna ibada. Basi Jumapili moja askofu alipowaleta wageni wake wa ng'ambo, meza ilikuwa tupu. Shemasi alikuja kwetu mbio, jasho linamtiririka. Nyumba nzima ilinukia mkate.

"Mkate huu hapa," nyanya akamwambia. "Mwambie nataka kumsikia mume wangu."

Askofu alilisoma jina harakaharaka, kama mtu anayemeza dawa. Nyanya alilia mpaka leso ikalowa. Jumapili iliyofuata, wageni wameshaondoka, halikusomwa. Nyanya akaacha kuoka, na mkate ukawa unaletwa kutoka kanisa jingine. Kwa hilo namdharau askofu yule hadi leo, na kufa kwake hakujanipunguzia kitu.

Basi Jumapili hiyo iliyopita padri kijana, mwenye adabu zake, aliwaombea waasisi: askofu peke yake. Majirani wale wamekufa, nyanya amekufa, watoto wametawanyika. Nikalitaja jina la babu kwa sauti. Kina mama wawili waligeuka kunitazama, wakidhani nimechanganyikiwa. Humo ndani hakuna mwingine aliyelijua. Nikifa mimi, kanisa lile litakuwa limejengwa na askofu kweli.