Rangi ya Nne

Nilitoka Songea kwa lori, nikakata mkonge shamba hili na lile, hadi nikashukia Hedaru. Kwa kuwa nilisoma sekondari, kijiji kimoja cha ujamaa kikanipa kazi ya kuchora ramani ya mashamba kwenye ukuta wa ofisi. Sharti lilikuwa moja: mashamba yanayopakana yasifanane rangi.

“Nunua rangi nne,” alisema Mwenyekiti.

“Tatu zinatosha kijiji chochote, Mzee,” nikamjibu kisomi.

Shamba la ujamaa nikalipaka kijani, mengine nyekundu na njano, huku napiga mluzi. Likabaki shamba la Mwenyekiti mwenyewe. Lilipakana na kijani, nyekundu na njano, zote kwa pamoja! Nikaona aibu kukiri. Nikalipaka kijani.

Kesho yake, siku ya kuvuna shamba la ujamaa, Mwenyekiti alikuwa mkutanoni Same. Watu walijua fika lile shamba jingine la kijani ni la nani, lakini wakaamua kuusikiliza ukuta. Wakavuna kijani yote, wakiimba. Aliporudi, mahindi yake yalikuwa ghalani.

“Shikamoo, Mwenyekiti!” alipaza sauti jirani yake, Mama Nakunda. “Kumbe shamba umetupa! Nasi tulidhani unahubiri tu.”

Kijiji kizima kikapiga makofi.

“Marahaba. Mali ni ya wote,” alisema Mwenyekiti, kisha akanigeukia. “Msomi, hebu tuoneshe mikono yako.”

Ilikuwa bado ya kijani.

Alfajiri nilidandia lori la kwanza lililosimama Hedaru. Sikuuliza linakwenda wapi.