Jino Lisiloniuma

Kwetu Miteja jino lilikuwa na tiba moja: koleo. Likiuma, unasukutua maji ya chumvi, unabana karafuu, unavumilia mpaka shavu linavimba, kisha unakwenda kung'olewa. Mama alifariki akiwa na meno manne. Dada yangu mkubwa alifika miaka arobaini na mitano hana gego hata moja, na muhogo wa kuchoma, alioupenda kuliko chakula chochote, ikabidi autwange kwanza ndipo ale. Watu wakasema ndiyo damu ya ukoo wetu. Mimi nikakataa.

Nilipotimiza arobaini, meno yangu yote yalikuwa mahali pake. Nikasikia kuwa Lindi mjini kuna hospitali yenye mashine ya kupiga picha meno, nikatangaza nyumbani kuwa nakwenda. Kaka alikuwa barazani anabangua korosho. Akaacha.

"Jino gani linakuuma?"

"Hakuna."

"Sasa unakwenda kutibiwa nini? Mtu mzima unaamka kumchokoza nyoka aliyelala?"

"Kama yumo, nataka nimwone kabla hajaniuma."

Wifi yangu akacheka. Kaka hakucheka. "Nenda," akasema. "Wakikung'oa jino zima usije kulia hapa."

Daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Akaniamkia shikamoo, akanilaza kwenye kiti, akapitisha kioo kidogo jino baada ya jino, akigonga na kuchungulia.

"Hongera, mama. Meno yako mazima. Piga mswaki, punguza sukari kwenye chai."

Mwingine angeshukuru akashuka. Mimi nikabaki nimelala palepale.

"Dada yangu naye aliangaliwa kwa kioo, akaambiwa mazima," nikamwambia. "Haukupita muda, gego likapasuka anakula wali. Nipige picha."

"Lakini mama, huna dalili yoyote. Picha tunampiga mwenye maumivu."

"Mwenye maumivu anajua wapi pa kutafuta. Mimi sijui, ndiyo maana nimekuja."

Mlango ulikuwa wazi na waliokaa kwenye benchi nje walisikia. Mmoja akaguna. Nikahisi aibu inanipanda usoni. Nikaiacha ipande, kitini sikushuka.

Daktari akaniuliza habari za mama, kisha za dada. Nikamweleza. Akanivika aproni nzito ya kukinga miale, akaniwekea mdomoni kibati kidogo chenye waya, akaniambia nikiume. Kabla sijafunga mdomo vizuri, magego yangu yalikuwa yameshatokea kwenye kompyuta, meupe kwa weusi. Akaikuza picha. Akaikuza tena.

"Nisamehe, mama," akasema, akionyesha kwa kidole. Kati ya magego mawili ya chini palikuwa na kivuli cheusi, kidogo kama chenga ya mchele. "Hapa panaoza. Meno yamebanana, kwa hiyo kioo hakipafikii. Gego hili juu ni zima, ubavuni linaliwa. Shimo halijafika kwenye mshipa."

"Likifika?"

"Hapo ndipo ungeanza kulia."

"Basi litibu leo. Kung'oa sitaki hata kusikia."

"Hatung'oi, mama. Tunaziba."

Akanichoma ganzi, akalichimba, akaliziba. Nilimwomba ile picha, akaniwekea kwenye simu.

Nyumbani kaka aliniambia nifumbue mdomo, akamulika tochi, akatafuta jino lililozibwa asilione. Dada yeye aliichukua simu, akaitazama picha mpaka chai yake ikapoa.

"Kumbe linaanza hivi," akasema. "Kimya kimya. Na mimi nilidhani nimeandikiwa."

Sikulia. Nilipandwa na hasira, kwa ajili yake na kwa ajili ya mama, kwa miaka yote waliyoambiwa wangoje maumivu.

Mwezi uliofuata niliwachukua binti wawili wa dada, wote hawaumwi, tukaenda Lindi. Safari hiyo daktari hakubisha. Mmoja alikutwa salama. Wa pili alikuwa na kivuli katika magego mawili, akazibwa. Kaka akasema nimeanza kugeuza watu wazima kuwa wagonjwa. Nikamjibu mbele ya mkewe kwamba zamu yake inakuja. Mpaka leo hajakubali kwenda. Na mimi mpaka leo sijanyamaza.